Kalamu ya tableti inatoa mistari yenye mawimbi na kiganja kinachora chenyewe, je ninunue Apple Pencil?

"Habari kaka. Mimi ni fundi nguo hapa Mwanga, Kigoma, nashona sana mishono ya vitenge. Wateja wananitumia picha WhatsApp halafu siku ya kuchukua nguo tunabishana, kila mtu alikuwa na mshono wake kichwani, nikaona bora niwe nawachorea kwanza wakubali ndio nikate. Nikaagiza tableti ya Android ya inchi 10 kutoka Kariakoo na kalamu ya kuchaji ya elfu 40, boksi limeandikwa inafanya kazi kwenye tableti zote. Sasa nikilaza mkono kwenye kioo kiganja nacho kinachora, inabidi nichore mkono ukiwa hewani mpaka bega linauma. Mstari wa kulala upande unatoka na mawimbi. Nikikandamiza au nikilegeza unene ni ule ule. Usiku ndio balaa, mistari inaruka yenyewe, na mimi usiku ndio muda wangu, nachomeka chaji nachora. Protekta ya kioo nimebandika. Je nimeuziwa kalamu feki? Binamu yangu yuko Dar anasema atanitafutia Apple Pencil iliyotumika, itanisaidia? Halafu siku hizi vidole vinaingia ganzi, ni hii kalamu?"

Pole na kazi dada yangu. Naanza na la hela maana hilo halisubiri: mpigie binamu leo leo umwambie asinunue. Apple Pencil inafanya kazi na iPad tu, haijalishi ni ile ya kwanza ya 2015 au hizi mpya, ukiigusisha kwenye tableti yako ya Android haitachora hata nukta. Na sio kwamba kuna setingi ya kuwasha au programu ya kushusha ili zielewane, hakuna, watu wanaliwa hela zao kila siku kwa kudhani ipo.

La pili, kalamu yako sio feki. Inafanya kile ilichotengenezewa, ila boksi limekupa nusu ya habari. Ni kweli inafanya kazi kwenye tableti karibu zote, lakini inafanya kazi kama kidole, basi. Karibu shida zako zote zimo humo humo kwenye hilo neno kidole, ngoja nikueleze vizuri ili usije ukauziwa nyingine ya elfu 80 yenye shida zile zile.

Chini ya kioo cha tableti yako kuna nyuzi nyembamba sana zinazopitisha umeme, huwezi kuziona, zimepangwa wima na mlalo zinakatizana, na kati ya uzi na uzi kuna nafasi ya kama milimita 4 au 5 hivi. Mwili wa mtu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikigusa kinavuta umeme kidogo pale nyuzi zinapokutana, tableti inaangalia ni makutano yapi yamepungukiwa na kwa kiasi gani, halafu inapiga hesabu ya katikati, inasema hapa ndio mtu kagusa. Kidole ni kinene, kinafunika makutano kadhaa kwa mpigo, hesabu inatoka sawa. Kalamu yako ina betri na kisakiti kidogo ambacho kinatoa umeme kwenye ile ncha nyembamba ili kioo kidanganyike kwamba ni kidole, ndio maana ukiizima haichori kitu. Zile nyingine za bei ya chini kabisa zenye kimpira laini kichwani hazina hata betri, zenyewe zinategemea unene wa kimpira tu, na ndio sababu vimpira vyake ni vinene hivyo, sio kwamba watengenezaji walishindwa kuvichonga.

Sasa rudi kwenye mawimbi. Ncha yako ni nyembamba, inapopita kati ya nyuzi mbili kioo kinakuwa kinabahatisha kidogo, ikifika juu ya uzi kinapata sawa, ikiachana nao kinabahatisha tena, kwa hiyo kosa linajirudia kila baada ya milimita chache na wewe unaliona kama wimbi. Jaribu hivi: chukua rula ile ya kukatia vitambaa, ilaze juu ya kioo kwa mshazari, pitisha kalamu taratibu sana kwa kuifuata. Ukipata ngazi ngazi au mawimbi yaliyo sawasawa wakati rula imenyooka, jua ni kioo, mkono wako hauna tatizo. Halafu pitisha tena kwa haraka, utaona mstari umetulia zaidi. Nasema hili maana wengi wanajilaumu eti hawana kipaji, kumbe hata mchoraji wa miaka 20 ukimpa kioo hicho na kalamu hiyo akachora polepole atatoa mawimbi hayo hayo.

Na kiganja? Kioo hakijui kuna kalamu, kinajua vidole tu, kwa hiyo kwake kiganja ni kidole kingine kikubwa. Programu inaweza kukisia kwamba mguso mpana huu ni kiganja ikaupuuza, ila ni kukisia tu, mara inapata mara inakosa. Unene nao hivyo hivyo: hakuna njia yoyote ya kalamu yako kuiambia tableti umekandamiza kiasi gani. Utaona matangazo ya kalamu yenye viwango 4096 au 8192 vya mkandamizo, wewe usibabaike na hizo namba, kama kioo hakina sehemu ya kupokea hiyo habari hata viwango laki moja havikusaidii. Kalamu na kioo ni kama sindano na cherehani yake, ile ya ovaloku huwezi kuichomeka kwenye cherehani ya kawaida ukategemea ishone, hata iwe nzuri vipi.

Kalamu za kuchorea kweli kweli ziko za aina mbili. Ya kwanza ni teknolojia iliyokuzwa na Wacom, kampuni ya Japani, ambapo chini ya kioo wameweka bamba lingine la ziada linalotoa sumaku umeme, na ndani ya kalamu kuna koili inayokula umeme kutoka kwenye hilo bamba kisha inarudisha taarifa niko wapi na nimekandamizwa kiasi gani. Hiyo haina betri ya kuchorea wala haihitaji chaji ndio uchore, na ndiyo Samsung wanayotumia kwenye S Pen tangu ile Galaxy Note ya 2011. Aina ya pili ni za betri ambazo zinaongea na kioo kwa lugha maalumu, humo ndio iko Apple Pencil, kalamu za Surface za Microsoft (hiyo teknolojia waliinunua 2015 kwa kampuni ya Israeli inaitwa N-trig) na zile za USI unazozikuta kwenye laptopu za Chromebook. Kila moja na lugha yake na hazisikilizani. Ila zote zina faida moja, tableti inajua kalamu imekaribia, inaacha kusikiliza mikono mpaka kalamu iondoke, ndio maana mwenye nayo analaza mkono wote kama yuko kwenye daftari.

Ukitaka kujua tableti ya Samsung kama ina hilo bamba, chukua S Pen ya mtu, ilete karibu na kioo bila kugusa, ibaki kama sentimita moja juu. Kikitokea kialama kinachofuata ncha huko huko hewani, bamba lipo. Kisipotokea, halipo, na hakuna fundi wa kulipachika. Walimu nao huwa wananiuliza kuhusu vile vishikwambi walivyopewa baada ya sensa ya 2022, jibu ni lile lile, usianze kununua kalamu, anza kujua kioo chako kinapokea nini.

Usiku sasa. Hapa umenipa dalili nzuri sana bila kujua, umesema unachora chaji ikiwa imechomekwa. Chaja nyingi za mtaani hazichuji umeme vizuri, zinaingiza kelele za umeme ndani ya tableti, na kioo kazi yake ni kupima mabadiliko madogo mno ya umeme, kwa hiyo zile kelele zinaonekana kama miguso, mstari unaruka, wakati mwingine hata menyu zinajifungua. Leo usiku subiri ianze kuruka, uchomoe chaji hapo hapo bila kubadilisha kitu kingine. Ikitulia, basi mchawi umempata. Chaji tableti mchana ukiwa kwenye cherehani, uchore ikiwa imechomolewa, na ukilazimika kuchora kwenye umeme tumia chaja iliyokuja nayo. Isipotulia hata ikichomolewa, tena inajigusa hata kalamu ikiwa mezani, hiyo ni ya kupeleka kwa fundi akakicheki kioo. Na ukiona kioo kimeanza kuinuka pembeni au mgongo umevimba, hilo sio suala la kuchora tena, betri imevimba, izime, usiichaji, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

Protekta ya kioo ibandue. Imeongeza umbali kati ya ncha na zile nyuzi, na umeme wa kalamu yako wenyewe ni mdogo, halafu inafanya wino uonekane umetokea pembeni kidogo ya ncha. Kama unaogopa mikwaruzo bandika ile ya plastiki nyembamba isiyong'aa, mimi naipenda kwa kuchora kwa sababu ina mkwaruzo kidogo kama karatasi, kalamu haitelezi hovyo. Ubaya wake inafifisha rangi kidogo na inakula ncha haraka. Jasho nalo linachanganya kioo, na joto la huko ziwani nalijua, kwa hiyo weka kitambaa kikavu karibu. Na mikono iliyotoka kwenye mawese au dagaa sihitaji kukufundisha, unayo kesi kama hiyo kwenye vitenge vya watu kila siku.

Haya, kabla hujatoa shilingi nyingine, kazi yako unaweza kuifanya na hicho hicho ulichonacho. Kumbuka wewe huchori picha za kutundika ukutani, unataka mteja aone shingo ni ya V au ya boti, mkono una puto au hauna, mpasuo unaanzia wapi, peplamu inaishia wapi. Kwa hiyo chora umbo la mwanamke kwa penseli kwenye karatasi, mbele, nyuma na ubavuni, tulia nalo, likipendeza lipige picha mchana karibu na dirisha uliingize kwenye programu kama ibis Paint, ipo bure ila ina matangazo. Hapo kuna kitu kinaitwa leya, ni kama karatasi zinazoonyesha zilizopangwa juu ya nyingine. Ile picha inakaa leya ya chini, unaififisha, leya ya juu ndio unachora mshono. Mteja akija mwingine unafuta ya juu tu, umbo linabaki lile lile, kesho na keshokutwa. Ukiwa na wateja wenye maumbile tofauti, na unao, tengeneza umbo jembamba, la kati na nene, maana mshono uliochorwa kwenye umbo la mrembo wa jarida halafu ukavaliwa na mama mwenye nyonga ndio chanzo cha nusu ya hayo mabishano yenu.

Ndani ya hiyo programu kuna setingi ya kutuliza mstari, wenyewe wanaiita stabilaiza, ipandishe. Inachofanya inachelewesha mstari kidogo na kulainisha yale mawimbi, kwa hiyo usishangae wino ukikufuata nyuma. Halafu zum. Kuza sehemu ya shingo mpaka ijaze kioo, chora hapo kwa mkono mmoja wa haraka, kisha rudisha, wimbi linakuwa dogo kiasi kwamba halionekani. Kuhusu unene, kuna setingi ya kufanya mstari uanze mwembamba na kuishia mwembamba wenyewe bila mkandamizo, washa hiyo, mikunjo ya kitambaa itatoka na uhai. Kwenye kiganja, vaa glavu ya wachoraji ile ya vidole viwili, ile nene, au katakata soksi nzito utengeneze mwenyewe, wewe ni fundi bwana. Nyembamba haisaidii sana, kioo kinauhisi mkono hata kupitia kitambaa chepesi.

Na hiki ndicho nadhani kitakuuzia nguo: mwambie mteja akupigie picha kitenge chake kikiwa kimetandazwa. Kiingize kwenye leya iliyo juu ya ile uliyopaka umbo la gauni, halafu washa ile ya kukifunga kwenye leya ya chini, kitenge kitaonekana ndani ya gauni tu, kwingine kinapotea. Kisogeze, kizungushe, mwonyeshe ua kubwa likikaa kifuani inakuwaje na likikaa kwenye paja inakuwaje. Punguza ukubwa wa maua yalingane na ukweli ukilinganisha na mwili, hapo watu wengi wanakosea, wanaacha ua moja limejaa gauni zima, mteja anapata picha ambayo kitambaa chenyewe hakitaitoa.

Ukija kuwa na hela ya kuboresha, mimi ningefikiria hivi. Njia ya bei ndogo ni ubao wa kuchorea usio na kioo, kampuni kama Huion na XP-Pen wanatengeneza, baadhi ya modeli zinaingia kwenye simu au tableti ya Android kwa OTG (kile kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB), na kalamu yake haina betri na ina mkandamizo wa kweli. Kasoro yake mkono unachora mezani macho yako kwenye kioo, wiki za mwanzo utachukia, na ukiunga kwenye simu iliyosimama wima mara nyingi inatumika sehemu ndogo tu ya ubao. Uliza kwanza kama modeli hiyo inakubali Android, na simu yako uijue.

Njia ninayoiona inakufaa zaidi ni Samsung iliyotumika yenye S Pen. Galaxy Tab S6 Lite ya 2020 ina kioo cha inchi 10.4 na kalamu ilikuja ndani ya boksi, kwa kazi yako inatosha kabisa. Usichanganye na Tab A8 au A9, hizo zinafanana sana mezani kwa muuzaji lakini S Pen hazipokei. Binamu akienda kuiangalia asiridhike na kuona inawaka. Afungue sehemu ya kuandikia, achore mshazari kutoka kona hadi kona, mara mbili, kisha ajaze kioo kizima kwa mistari ya karibu karibu aone kama kuna ukanda usiochora, kisha akandamize na kulegeza aone unene unabadilika. Kama iliwahi kupasuka ikawekwa kioo cha kuiga, hapo ndipo inajulikana, maana vidole vitafanya kazi vizuri tu na kalamu itakufa sehemu au yote. Aitoe pia kwenye kava, zile kava za sumaku zinavuruga S Pen sehemu sehemu, asije akaacha kifaa kizima kwa ajili ya kava. Afanye hayo kabla hajalipa, usikubali ije kwa basi au treni mpaka Kigoma ndio ujaribu, kurudisha kutoka huko ni kesi.

iPad ni nzuri sana, sikatai, na programu ya Procreate iko huko tu, unailipia mara moja basi. Ila ukienda njia hiyo angalia ndoa ya kalamu na iPad: iPad ya kizazi cha 9 ya 2021 inakubali Apple Pencil ya kwanza, ukimletea ya pili haishiki. Na ile Apple Pencil ya USB-C ya 2023 haina mkandamizo, sijui nani aliona ni sawa, kwa hiyo kwa mchoraji iache. Ya kwanza ikiwa ya mtumba ijaribiwe ikichaji na kuchora hapo hapo, zikikaa miezi bila chaji betri yake inakufa moja kwa moja na haibadilishiki kirahisi. Kwa gharama hizo zote mimi ningekuwa wewe ningenunua Samsung, hela iliyobaki nikaongeza vitambaa.

Mwisho mkono wako, na hili naomba usilichukulie poa. Bega linauma kwa sababu unachora mkono ukiwa hewani, hilo glavu na kulaza mkono vitalipunguza. Pia kioo kinateleza, mtu bila kujua anabana kalamu kwa nguvu, na kalamu yako haisomi nguvu, kwa hiyo unajichosha bure, ishike kwa ulegevu na uizungushie kitambaa iwe nene kidogo. Tableti isilale mezani tambarare, iegemeze kwenye kitu iinuke kidogo usikunje shingo. Lakini ganzi ni habari nyingine. Ikiwa kwenye gumba, shahada na cha kati, hasa usiku unaamka unakung'uta mkono, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono karibu na kiganja. Ikiwa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mara nyingi unabanwa juu zaidi, huku kwenye kisugudi, pale mkono unapokunjika katikati. Na mimi siamini kalamu peke yake imefanya hivyo, mkasi mzito wa kukatia vitenge siku nzima una mchango wake mkubwa, na ujauzito au kisukari navyo vinaweza kuleta hali hiyo, kwa hiyo usijitibu kwa kuchua mawese tu.

Pumzisha mkono kuchora kwa wiki mbili. Ganzi ikiendelea, au ikafika mahali unadondosha mkasi, sindano huisikii, au ile nyama chini ya gumba imeanza kupungua ukilinganisha na mkono wa pili, nenda hospitali, hapo Maweni panatosha kuanzia. Usimwambie daktari "mkono unauma" ukanyamaza. Mwambie ni vidole vipi hasa, saa ngapi inakuja, na kwamba mchana unakata nguo na usiku unachora, maana kwa maelezo hayo ndipo anapojua aanze kukupima wapi.